Nani Alibeba Gharama ya Montreal? Michezo ya Mashindano na Siasa ya Ujamaa Tanzania, 1967–1980

Utangulizi na maana ya maneno

Waandaaji wa semina hii wameomba mada inayoeleza nafasi ya kisiasa ya michezo ya mashindano katika miaka ya mwanzo ya dola ya kijamaa. Dola inayozungumzwa hapa ni Tanzania, tangu Azimio la Arusha la Februari 1967 hadi Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Michezo ya mashindano ni ile yenye kanuni, mwamuzi, mshindi na mshindwa. Halaiki za sikukuu za taifa, mazoezi ya viungo ya shuleni na bao la barazani havimo, ingawa navyo vilikuwa na siasa yake. Dola ya kijamaa ni ile iliyotangaza kuwa njia kuu za uchumi ni mali ya umma na ikataka maisha ya raia yafuate msingi huo. Maafisa michezo waliomo ukumbini wanayajua haya vizuri, kwa hiyo mada haitakaa hapo.

Jambo moja la nadharia linastahili aya yake. Ujamaa unahimiza usawa, na mashindano yanamtenga mtu mmoja na kumpandisha jukwaani. Warusi walilibishania hili waziwazi baada ya mapinduzi yao. Katika miaka ya 1920 kundi la Proletkult liliona mashindano ni tabia ya mabepari na likataka wafanyakazi wafanye mazoezi bila kushindana. Hoja hiyo haikudumu. Kufikia 1928 Moscow iliandaa Spartakiad yake, mashindano makubwa ya kujibu Olimpiki ya "mabepari", na mwaka 1952 Wasovieti waliingia Olimpiki yenyewe, mjini Helsinki. Tanzania haikupita njia hiyo ndefu. Ilianza moja kwa moja na mashindano, kwa sababu ilikuwa na jambo la kuiambia dunia na haikuwa na vyombo vingi vya kulisemea.

Sheria, kambi na klabu

Mwaka uleule wa Azimio, Bunge lilipitisha Sheria Namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Serikali ilishika usukani, lakini ndani ya michezo ya ridhaa, yaani ile isiyo na malipo. Kwa wakati ule hilo halikuwa na ubishi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwakataa wanamichezo wanaolipwa, nayo siasa ya nchi ilichukia mtu kujitajirisha kwa jina la taifa. Pande mbili zisizofanana kwa lolote zilikubaliana kwamba mkimbiaji asipokee hela. Wajumbe walikumbuke hilo, maana sehemu kubwa ya mada inalitegemea.

Kwa kuwa mkimbiaji hakulipwa kwa kukimbia, ilibidi alipwe kwa kitu kingine. Wengi wa wanariadha walivaa sare za jeshi. Wachezaji wa mpira waliajiriwa na mashirika ya umma, na mashabiki wa rika fulani bado wanazitaja timu hizo bila kufikiri: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara. Mchezaji alikuwa karani au fundi kwenye karatasi, na mchana alikuwa mazoezini.

Zanzibar ilikuwa na mkondo wake. Ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, na marufuku hiyo ikadumu zaidi ya nusu karne. Uwanja wa Amaan ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Bara, klabu ya Sunderland iliacha jina la Kiingereza mwaka 1971 na kuwa Simba. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilibaki na jina lake la Young Africans, ila mgogoro wa katikati ya miaka ya 1970 uliigawa na kuzaa Pan African. Ushabiki wa Kariakoo ulikuwa na nguvu zake zenyewe, na hakuna waraka wa serikali uliowahi kuutawala. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6–0. Nchi nzima iliacha kuzungumza mambo mengine, na chama tawala kilichozaliwa miezi michache kabla yake nacho kilivumilia. Habari za Simba na Yanga zinahitaji semina yake. Hii ya leo inahusu riadha, kwa sababu huko ndiko siasa ya nchi ilikogusa mwili wa mtu mmoja mmoja.

Sauti ya nchi ndogo

Mfano wa kwanza unajulikana na kila mtoto wa shule. Oktoba 1968, mjini Mexico City, Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alishika nafasi ya 57 kati ya waliomaliza, na watu 75 walikuwa wameanza mbio hizo. Dunia ililijua jina la Tanzania kupitia mtu wa mwisho. Kisiasa hilo lilikuwa jambo kubwa: nchi changa, maskini, imetuma mtu na mtu amemaliza alichotumwa.

Wa pili ni Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, fainali ya mita 1,500 ilianza na kijana huyu mwanajeshi akatoka mbele tangu mlio wa bastola. Mbio za aina hiyo kwa kawaida zilikwenda kwa kuviziana. Wakimbiaji walijificha kwenye kundi na kusubiri mzunguko wa mwisho. Bayi hakumsubiri mtu. Aliwaacha wenzake, akafungua pengo ambalo kila aliyetazama alidhani litamfia mguuni. Kwenye mstari wa mwisho John Walker wa New Zealand, akishangiliwa na watu wa kwao, alianza kulila pengo hilo hatua kwa hatua. Halikuisha. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, na Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alikuwa ameipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun iliyokaa tangu 1967. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi alivunja na rekodi ya maili, kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Kuanzia siku ile, pambano la Bayi na Walker katika Olimpiki ya Montreal ya 1976 likawa jambo linalosubiriwa na dunia nzima. Halikufanyika.

Montreal

Juni 1976 polisi wa Makaburu waliwapiga risasi watoto wa shule wa Soweto. Majuma machache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza Afrika Kusini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika ziliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iizuie New Zealand kushiriki Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zilijitoa. Senegal na Ivory Coast zilibaki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutangaza kwamba haiendi.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Shinikizo la Waafrika lilikuwa limeiondoa Afrika Kusini kwenye mwaliko wa Mexico mwaka 1968, na kabla ya Munich, mwaka 1972, Kamati ya Kimataifa iliufuta mwaliko wa Rhodesia kwa kura 36 dhidi ya 31. Kususia lilikuwa chombo kilichokwisha kuonyesha kazi yake, na hata safari hii kilifanya kazi. Mwaka 1977 wakuu wa Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles kuchukua hatua za kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini ya ubaguzi, ingawa New Zealand yenyewe iliipokea timu ya raga ya Afrika Kusini mwaka 1981 na kuzusha ghasia nchini mwake.

Mtoa mada anaomba ieleweke kwamba hahukumu uamuzi wa viongozi wa wakati ule. Ulikuwa uamuzi sahihi. Nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru isingeweza kuingia uwanjani nyuma ya bendera ya waliokuwa wakicheza na Makaburu. Hoja ya mada hii iko kwingine, na ndiyo ambayo mtoa mada ameifuatilia kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote katika kazi yake: gharama ya uamuzi ule ilikuwa ya taifa zima, ikalipwa na watu wachache, na taifa halikuwahi kukaa chini kuhesabu wanachokidai.

Deni

Ili kuliona deni hilo vizuri inafaa kurudi kwenye ridhaa. Leo mkimbiaji akikosa Olimpiki anapoteza mengi, lakini ana mikataba ya viatu, ana mbio za barabarani zenye zawadi, ana msimu ujao. Mwaka 1976 Bayi alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuruhusiwa kupata chochote halali kutokana na miguu yake isipokuwa medali. Medali ndiyo ilikuwa mshahara. Ndiyo ingemfungulia kazi, cheo na heshima ya uzeeni. Kumwondolea mtu wa ridhaa Olimpiki ilikuwa kumwondolea kila kitu ambacho kanuni za mchezo wake zilimruhusu kukipata.

Wapo wanaosema Bayi aliugua malaria mwaka ule, hivyo pengine asingeshinda. Hoja hii husikika kila mara, na kila mara inakwepa swali. Walker alishinda Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda uliozidi ule wa Bayi wa Christchurch kwa sekunde saba. Hakuna anayejua nini kingetokea, na ndiyo maana halisi ya hasara: mtu alinyimwa hata nafasi ya kushindwa.

Bayi naye ana jina. Alirudi, akapata fedha ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, akajenga shule, akaiongoza Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kama katibu mkuu kwa miaka mingi. Wapo wenzake ambao hawakuwa na rekodi ya dunia ya kuwakumbusha watu. Walikuwa wamejiandaa miaka minne, wakarudi vikosini, madarasani na mashambani, na hakuna mahali pengi ambapo msomaji wa leo anaweza kuyakuta majina yao yote yakiwa pamoja. Mtu aliyekimbia na kuwa wa mwisho Montreal anaitwa mwana-Olimpiki maisha yake yote. Aliyezuiwa kwa heshima ya nchi haitwi chochote.

Hali hii si ya Tanzania peke yake. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi wa Munich, hakupata kulitetea taji lake. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 na hakukimbia Olimpiki hata moja, kwa kuwa Kenya ilisusia Montreal na kisha Moscow. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilibeba mzigo huu.

Kuna upande mwingine wa deni, wa kila siku zaidi, na ndio unaokera kuliko wote. Mfumo wa kijamaa ulimficha mwanamichezo ndani ya ajira nyingine, na jalada la ajira haliijui michezo. Linaandika kupandishwa cheo, uhamisho, likizo na adhabu. Miezi ya kambini inaonekana humo kama muda ambao mtu hakuwa kazini. Mfumo ulipokuwa mzima, mkuu wa kikosi au meneja wa shirika alimjua kijana wake na alimlinda. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, meneja aliondoka, timu ikavunjwa, na mchezaji akabaki na kile tu kilichoandikwa kwenye jalada. Dola ilimtumia kama balozi na ikamstaafisha kama kibarua.

Suala hili limeletwa kwenye vikao kama hiki miaka nenda, miaka rudi. Linasikilizwa kwa heshima, linaingia kwenye muhtasari, na kikao kinachofuata kinaanza na muhtasari mpya. Mtoa mada anatambua ufinyu wa bajeti na wingi wa majukumu ya ofisi zinazohusika. Anatambua pia kwamba waliokuwa na miaka 23 mwaka 1976 wameshavuka 70, na kwamba kila mwaka ofisi inapotafakari, orodha ya wanaodai inafupishwa na kifo.

Moscow

Mwaka 1980 siasa iligeuka upande wa pili. Rais Jimmy Carter wa Marekani aliitaka dunia iisusie Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Mwanzoni mwa Februari alimtuma Muhammad Ali Afrika, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Ali alipendwa hapa kuliko wanasiasa wengi, lakini Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kumtuma bondia, hata awe bora wa wakati wote, kwenda kumshawishi mkuu wa nchi kulionekana ni dharau. Waandishi wa Dar es Salaam walimuuliza Ali kwa nini Afrika iisaidie Marekani kususia ilhali Marekani haikuisaidia Afrika miaka minne kabla. Ali alikiri mbele yao kwamba kwao hakuwa ameambiwa kuwa Warusi wanawasaidia wapigania uhuru. Akaendelea na safari yake. Kenya ilikubali kususia, Tanzania ilikwenda.

Kule Moscow, Bayi aliyekuwa sasa na miaka 27 alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kama alivyokimbia Christchurch, mbele tangu mwanzo, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipompita kwenye mzunguko wa mwisho. Fedha. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alifika wa pili kwenye mita 5,000, chini ya sekunde moja nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Fedha nyingine. Mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024 ilipokwisha, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Moscow ile ile ilionyesha pia nini hutokea siasa ikimtanguliza mwanamichezo bila maandalizi. Timu nyingi za mpira wa magongo zilikuwa zimesusia, nafasi zikajazwa na zilizokuwapo, Tanzania ikiwa moja. India iliifunga 18–0. Vijana wale hawakuwa na kosa. Walipelekwa kuziba pengo, wakaziba, na matokeo yakaandikwa kwa jina lao.

Mapendekezo

Pendekezo la kwanza linatokana moja kwa moja na Montreal. Uwepo utaratibu wa maandishi wa kufuatwa pale taifa linapoamua kujitoa kwenye mashindano au kuingia kwa sababu za kisiasa. Utaratibu huo useme nani anaamua, na useme kwamba wanamichezo waliochaguliwa wanaelezwa ana kwa ana kabla redio haijatangaza. Mwakilishi wao asikilizwe. Hatakuwa na kura ya turufu, na hilo ni sawa. Awe na kiti.

La pili, wote waliochaguliwa kwa ajili ya Montreal 1976 waorodheshwe na kutambuliwa rasmi kwa hadhi ileile ya walioshiriki michezo mingine ya Olimpiki, pamoja na cheti. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kulifanya.

La tatu, miezi ya kambi ya taifa ihesabiwe kama utumishi. Mwajiri apelekewe barua, barua iingie kwenye jalada, na jalada lisomeke hivyo siku ya kukokotoa pensheni. Kwa waliokwisha kustaafu, uthibitisho wa chama cha mchezo husika ukubaliwe, kwa sababu wengi wao hawana karatasi nyingine.

La nne, matibabu. Goti la mkimbiaji wa mwaka 1974 linadai leo. Bima ya afya kwa waliowahi kuiwakilisha nchi ni sehemu ya deni lililoelezwa hapo juu, na mtoa mada anaomba isihesabiwe kama hisani.

La tano, sauti zirekodiwe. Vitabu na filamu za nje zina hadithi ya Christchurch upande wa Walker kwa kina. Upande wa kambi ya Tanzania, nini kililiwa, nani alifundisha, habari ya kujitoa ilipokewaje, unabaki vichwani mwa wazee. Maafisa utamaduni na maafisa michezo wa Mbulu, Karatu, Hanang na Singida wanaweza kuanza na simu zao za mkononi.

La sita, wanamichezo wasipelekwe nje kuziba nafasi. Timu isiyo na maandalizi isitumwe kwa sababu tu mwaliko umepatikana.

La saba linarudia la kwanza kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linaloachwa kila mara: katika kila chombo kinachoamua ushiriki wa taifa, mwanamichezo awe na kiti, na kiti hicho kiandikwe kwenye kanuni ili kisitegemee wema wa aliyepo ofisini.

La nane ni la utekelezaji. Semina hii isiahirishwe kabla haijamteua mtu mmoja, kwa jina na cheo, wa kuanza orodha ya Montreal. Daftari liwe na safu za jina, mchezo, mwajiri wa wakati ule, makazi ya sasa, hali ya afya na jina la ndugu wa kuwasiliana naye. Maafisa wa wilaya wapewe miezi mitatu kujaza wanachokijua, na nakala zibaki mbili, moja Barazani na nyingine wilayani.